Jibu la Biti Moja: shajara ya mradi wetu wa setilaiti, Tanga

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri na Barabara ya 9 hapa Ngamiani imegeuka mfereji. Hakuna mteja anayeleta redio kutengenezwa siku kama hii. Nimeona nianze shajara leo, kabla kazi haijapamba moto nikasahau tulianzaje.

Mradi ni wa watu wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mimi nimesomea mawasiliano, yeye ni mtu wa programu. Tunataka kuelewa kwa mikono yetu wenyewe kwa nini simu ya kawaida inayojaribu kujiunga na setilaiti hukwama mlangoni, na dawa iliyowekwa kwenye kanuni za 5G inafanyaje kazi. Setilaiti hatuna. Tuna laptopu mbili, redio mbili ndogo zinazoendeshwa kwa programu, kebo, na visanduku vya kupunguza nguvu ya mawimbi. Kila kitu kinapita ndani ya kebo. Hatutarusha chochote hewani, kwa sababu masafa yana wenyewe na kibali chake hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Chanzo cha yote ni mjomba wangu. Ni nahodha wa mashua ya jarife, na mwaka jana mashine ilimzimia katikati ya mkondo wa Pemba, usiku, kusi likivuma. Simu alikuwa nayo, chaji alikuwa nayo, mtandao ndio hakuwa nao. Asubuhi waliokotwa na jahazi lililokuwa likitoka Wete. Tangu siku hiyo kila nikisoma habari za simu kuongea moja kwa moja na setilaiti, namwona yeye na vijana wake watatu wamekaa gizani wakipigwa na mawimbi.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nilimweleza shemeji tatizo lenyewe. Kwa kuwa yeye si mtu wa redio, nilianzia kwenye hodi.

Mgeni anapiga hodi: simu inarusha mlio mfupi usio na jina. Mwenyeji anaitikia kutoka ndani, "Nani?", na kumpa nafasi ya kujieleza. Mgeni anajitaja. Mwenyeji anasema, "Karibu, fulani," akilirudia jina lile lile, ili kama wawili wamebisha kwa pamoja kila mmoja ajue aliyekaribishwa ni nani. Ndizo jumbe nne za kujiunga na mtandao, mbili za kupanda kutoka kwenye simu na mbili za kushuka kutoka kwa mwenyeji, yaani kituo cha mtandao. Kisha mgeni anasema, "Ahsante." Hiyo ahsante haihesabiwi kati ya zile nne, na watu wengi wakichora hatua za kujiunga hawaichori kabisa. Ni biti moja, kipande kidogo kabisa cha taarifa. Lakini kituo kisipoisikia, hakijui kama mgeni ameingia au bado yuko nje anatota. Simu inajiona iko sebuleni. Kituo kinairudishia "karibu" ile ile, mwisho kinakata tamaa na kufuta nafasi yake.

Shemeji akauliza swali la maana: kwa nini ipotee hiyo na zisipotee nyingine? Jibu liko kwenye namna ishara za udhibiti za njia ya kupanda zinavyopangwa kabla simu haijasajiliwa. Simu iliyokwisha kuingia hupewa mpangilio wake, na ikiwa mbali huambiwa irudie maneno. Simu iliyo mlangoni haijapewa chochote. Inatumia mpangilio wa umma unaotangazwa kwa wote, jedwali la safu 16, lenye maumbo mawili tu ya ishara. Refu kuliko yote linachukua alama 14, vipande vidogo vya muda, yaani sloti moja, yaani milisekunde 1. Ujumbe wa tatu, ule wa kujitaja, uliruhusiwa kurudiwa tangu toleo la 17 la kanuni za 3GPP, chombo kinachoandika kanuni za simu duniani, mwaka 2022, toleo lile lile lililoifungulia 5G mlango wa setilaiti. Ahsante ikabaki ya kusemwa mara moja tu. Toleo la 18, lililokamilika 2024, ndilo lililoruhusu irudiwe mara 2, 4 au 8.

Halafu tukapiga hesabu ya nguvu, na hapo ndipo alipokaa wima.

Simu hutoa milliwati 200, na haiongezeki hata ukilia. Setilaiti iliyo kilomita 600 juu ya utosi, kwa masafa ya gigahezi 2, mawimbi yanapoteza kiasi cha desibeli 154 njiani. Ikiteremka hadi nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, umbali unakuwa kilomita 1,930 hivi na upotevu unafika 164. Desibeli 10 ni mara kumi. Yaani setilaiti ikiwa pembeni, kinachoifikia ni moja ya kumi tu ya kile kilichoifikia ikiwa utosini. Juu ya hayo, antena ya simu ni ndogo, imebanwa katikati ya betri na kioo. Mawimbi yake pia yamekaa mstari mmoja wakati antena za setilaiti kwa kawaida zimetengenezwa kwa mawimbi ya mzunguko, na hapo nusu ya nguvu inaondoka tena.

"Kwa hiyo tunamwomba mtu anong'one akiwa Tanga asikike mbali kuliko Kampala," akasema shemeji. Ndivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda Deep Sea, mwalo wa samaki hapa Tanga, saa moja asubuhi kumwona mjomba kabla hajamaliza kugawa samaki. Nilimkuta amechuchumaa, miguu imejaa magamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umefuata kitoweo au umefuata maswali?"

Nilifuata vyote viwili. Nilimwomba anioneshe anavyoiweka simu akiwa baharini. Akanyoosha mkono chini ya ubao wa tezi akatoa kopo la maziwa ya unga, la bati, lenye kifuniko cha plastiki. Ndani simu imeviringishwa kipande cha kanga na kuzungushiwa ufito wa mpira. Akitaka kupiga huifungua, huinua mkono juu, huangalia kama vidoti vya mtandao vimerudi. Aliniambia vinaanza kupungua wakiuacha mwamba wa nje, na wakifika penye kina wanajua hakuna tena.

Nikamweleza kuhusu setilaiti za chini, kwamba hazitulii. Kila moja inakwenda kama kilomita 7.5 kila sekunde, inaizunguka dunia kwa dakika 97 hivi, na hata ikipita juu kabisa hukaa juu ya nyuzi 10 kwa dakika zisizofika kumi. Nikamwambia jina lake kwa wahandisi ni LEO, kifupi cha Kiingereza cha mzunguko wa chini wa dunia. Akaangua kicheko, akawageukia wenzake: "Sikieni, Tanga waja leo waondoka leo, kumbe na huko juu wapo!" Baada ya hapo hakuna aliyeliita jambo hili kwa jina lingine pale mwaloni. Na kweli msemo huo unashika kiini cha kazi yetu kuliko hesabu zangu. Ukiwa na dakika chache tu za mgeni, huwezi kuzimaliza kwa kubisha hodi, kukaribishwa, kutosikika, kuanza upya.

Jumanne, 20 Mei

Tumeandika kiigizo kwa lugha ya programu ya Python. Upande mmoja simu, upande wa pili kituo, katikati upotevu, kelele na mwendo wa setilaiti. Umbo la ishara tumelifuata kama lilivyo: mfuatano wa namba 12 uliowekwa juu ya mikondo 12 midogo ya masafa, na alama 14 kwa sloti, moja ya rejea, moja ya jibu, moja ya rejea, moja ya jibu, mpaka mwisho. Alama za rejea pande zote mbili zinazijua. Ndizo zinazokionyesha kituo mawimbi yamepindwa kiasi gani njiani.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa muda. Setilaiti inakimbia, je, kurudia mara 8 hakutasababisha marudio ya mwisho kufika nje ya nafasi yake? Hesabu ikanituliza. Katika milisekunde 8 safari ya mawimbi kati ya simu na setilaiti hubadilika kwa mikrosekunde 0.2 tu au chini yake, na nafasi ya kinga kabla ya kila alama ni kama mikrosekunde 4.7. Hakuna shida hapo, tukaendelea.

Tumeweka marudio 2, 4 na 8. Mategemeo: kila ukizidisha mara mbili unapata desibeli 3, kwa hiyo 8 itupe 9, ambayo karibu inafuta tofauti ya utosini na pembeni. Matokeo: marudio 2 yalisaidia kidogo. Marudio 4 yalikuwa mabaya kuliko kusema mara moja. Nane nayo haikufika hata pale ilipofika moja.

Nimelala nayo kichwani.

Ijumaa, 30 Mei

Siku kumi. Umeme ulikatika mara mbili na laptopu moja ikapoteza kazi ya mchana mzima, lakini si hilo lililotuchelewesha. Tulikuwa tunatafuta kosa kwenye msimbo, na msimbo ulikuwa unafanya hasa tulichouambia.

Jana usiku baada ya isha shemeji alikuwa anakula mishikaki kwenye mkeka, mimi nasoma mistari ya programu kwa sauti. Nikafika pale tulipoweka kosa la masafa linalobaki baada ya simu kujirekebisha. Simu ya setilaiti ina GPS, na kituo kinaitangazia njia ya setilaiti, kwa hiyo inakokotoa yenyewe athari ya Doppler, yaani masafa kuhama kwa sababu ya mwendo, na kuiondoa kabla ya kurusha. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kwa gigahezi 2 athari hiyo inaweza kufika kilohezi 48. Lakini hakuna saa ya simu isiyo na kasoro. Kanuni inaruhusu kosa la sehemu 0.1 kwa milioni, na kwa gigahezi 2 hiyo ni hezi 200. Ndiyo tuliyokuwa tumeiweka.

Hezi 200 kwa milisekunde 1 ni moja ya tano ya duara. Nyuzi 72. Yaani kila sloti inayofuata imezungushwa nyuzi 72 kuliko iliyotangulia, na sisi tulikuwa tunazijumlisha zote kama zilivyo, rejea na rejea, jibu na jibu, halafu ndiyo tunasoma.

Nikamwomba shemeji vijiti vyake. Nikalaza cha kwanza mkekani kikielekea mlangoni. Cha pili nikakianzia kwenye ncha ya cha kwanza, nimekikunja nyuzi 72. Cha tatu hivyo hivyo, na cha nne. Ncha ya cha nne ilikuwa imerudi karibu na mwanzo, umbali wa kijiti kimoja kamili. Kwa hiyo marudio manne yalitupa nguvu ya moja, huku kelele zimeingia mara nne. Nikakiweka cha tano. Kikagusa hasa nilipoanzia. Umbo la pembe tano limefunga, jumla yake sifuri. Na nane ni tano zilizofutana ukiongeza tatu, na tatu zinafika umbali ule ule wa mbili: mara 1.6 ya kijiti. Kila tulichokuwa tumekiona kwenye skrini kwa siku kumi kilikuwa kimelala pale mkekani, kina harufu ya pilipili.

Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, tumekuwa tukiwaambia watu wanane waseme ahsante, kila mmoja ageukie ukuta wake."

Dawa ni kuinyoosha kila sloti kwa rejea zake yenyewe kabla ya kuiunganisha na mwenzake. Rejea na jibu za sloti moja zimepindwa karibu sawasawa, kwa hiyo ukipima upindo kwa rejea na kuuondoa kwenye jibu, vijiti vyote vinaelekea mlangoni. Mistari minne ya programu. Tulimaliza saa saba usiku, tukaendesha, na mistari ya grafu ikajipanga: 2 juu ya 1, 4 juu ya 2, 8 juu ya 4. Hatukupata desibeli 9 kamili, na hatutazipata kwa njia hii. Sababu ni kwamba rejea zenyewe zimelowa kelele, na unapopima kwa rula iliyolegea kipimo nacho kinalegea. Lakini tofauti kati ya jana na leo ni ya mtu asiyesikika na mtu anayesikika.

Jumatano, 11 Juni

Tulisimama kwa ajili ya Idi. Leo tumekuta tatizo la pili, na hili limenifunza zaidi kuhusu ahsante yenyewe.

Katika hatua hii simu haina jibu la "sikupata". Ikiwa imeelewa ujumbe wa nne na kukuta jina lake, inasema ahsante. Ikiwa haikuelewa, au jina si lake, inanyamaza. Kwa hiyo kituo hakichagui kati ya ndiyo na hapana. Kinachagua kati ya sauti na ukimya, na ukimya wa redio umejaa kelele.

Sisi tulibakiza kizingiti kile kile cha sloti moja, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka kituo kinasema kimesikia. Ukijumlisha sloti nane unajumlisha na kelele zake, na kituo chetu kikaanza kusikia ahsante za watu wasiokuwepo. Hili ni baya kuliko kutosikia. Kituo kinamhesabu mgeni ameshaingia, kinaendelea kumsemesha, na mgeni yuko nje bado. Vituo vya 5G vinatakiwa visizidishe 1% ya kosa la aina hiyo. Tuliendesha ukimya mtupu mara 10,000 kwa kila idadi ya marudio, tukapandisha kizingiti mpaka zilizopenya zisizidi 100. Kazi ya kuchosha, na imekula sehemu ya faida tuliyoipata. Ni haki yake.

Dogo jingine, la haraka: simu yetu ya kiigizo ilikuwa inaanza kusikiliza mapema mno. Kwa setilaiti ya kilomita 600 inayorudisha tu mawimbi chini, kwenda na kurudi kunaweza kufika karibu milisekunde 26, na saa ya simu ya kusubiri ile "karibu" inatakiwa ianze baada ya muda huo kupita. Tumeirekebisha.

Jumamosi, 14 Juni

Tumebishana kutwa. Shemeji anataka simu zote zirudie mara 8, biashara iishe. Mimi nimekataa.

Mwale mmoja wa setilaiti unaweza kuwa na upana wa kilomita 50. Uweke hapa na unaufunika mji wote na sehemu nzuri ya mkondo, watu wa sokoni, wa daladala, wa mashua, wote chini ya mlango mmoja. Kila anayerudia mara 8 anachukua nafasi ya wanane. Na kuna simu za zamani zilizotengenezwa kwa toleo la 17, hazijui kurudia ahsante; ukiziamrisha hazitaelewa.

Toleo la 18 limelitatua hili kwa adabu ninayoipenda. Kituo kinatangaza idadi zinazoruhusiwa na kizingiti cha nguvu. Simu inapima inavyoisikia setilaiti. Ikiwa iko chini ya kizingiti, basi wakati wa kujitaja, kwenye ujumbe wa tatu, inaongeza kwamba inaweza kurudia. Kituo nacho, kinapotuma amri ya ujumbe wa nne, kinatumia biti mbili ambazo awali hazikuwa na kazi katika hatua hiyo, kikisema moja, mbili, nne au nane. Aliye na shida anasema ana shida, mwenye nyumba ndiye anayegawa. Simu ya zamani haisemi kitu na haiguswi.

Shemeji amekubali. Ameandika sehemu hiyo yote leo, kwa unadhifu kuliko ningeandika mimi.

Jumapili, 22 Juni

Bahari imechafuka, kusi ni kali, mashua nyingi zimevutwa pwani. Mjomba amekuja kututembelea. Tumemkalisha mbele ya laptopu na chai ya tangawizi.

Tumetoka kwenye kiigizo. Sasa ni redio mbili na kebo, visanduku vya kupunguza nguvu vimepangwa kufanana na setilaiti iliyo nyuzi 10. Nikamwonesha sloti moja peke yake. Mstari unaotetemeka kama maji ya mvua kwenye karai. "Hapa kuna mtu?" nikamuuliza. Akasogeza uso. "Hapa sioni mtu." Nikaongeza ya pili, ya nne. Akanyamaza. Nilipoweka ya nane, katikati ya mtetemo kukawa na kichuguu kimoja, chembamba, kimesimama. Akakigusa kwa kidole, kidole chenye kovu la mshipi, akaacha alama kwenye kioo.

"Huyu yupo," akasema.

Akakitazama kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo mimi na shemeji hatujaligusa katika wiki saba. "Na simu ikiwa ndani ya kopo?"

Kopo la bati. Tulihesabu umbali, mwendo, saa, kelele za anga, tukaisahau bati iliyoizunguka antena pande zote isipokuwa kwenye kifuniko. Nikamwomba aniachie kopo. Amekataa mpaka nimpe lingine la kuwekea simu, na tumempa la kahawa, la plastiki.

Kesho jioni nakwenda ufukweni Raskazone na kopo hilo na simu yangu, nipime nguvu ya mnara wa mjini nje ya kopo, ndani kifuniko kikitazama juu, na ndani kopo likiwa limelala kama linavyolala chini ya ubao wa tezi. Ni kupima tu kile simu inachopokea. Shemeji atasimama kando na daftari.